Mkulima aliye kambini naye ahesabiwe

Mwaka 2003, kule Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi kutia asilimia 10 ya bajeti katika kilimo. Kongo nayo ilipata sheria yake ya kilimo Desemba 2011. Lakini mama wa Djugu aliyekimbilia kambi ya Kigonze, hapa Bunia, hali ahadi.

Tanzania na Kenya, tangu 2022, zinapunguza bei ya mbolea kwa wakulima walioandikishwa. Ni jambo jema. Ila kule mkulima huandikwa pamoja na shamba lake. Yule mama aliyeacha mihogo yake akikimbia risasi, ataandikisha shamba gani?

Kwa hiyo msaada wa serikali kwa wakulima wa Ituri usingoje amani itimie. Uanzie kambini: kila mtu aandikwe kwa jina na kijiji alichotoka, apewe mbegu na jembe, asaidiwe kukodi kipande cha udongo karibu na mji kwa mkataba ulioandikwa, ili mwenye udongo asiogope kunyang'anywa. Mwenyeji naye apewe mbegu, wivu usizaliwe.

Mvua haingoji mtu. Wakubwa wa kilimo waende Kigonze na daftari kabla haijaanza kunyesha.