SARL: usiikimbilie, lakini usichelewe

Hapa kwetu Kongo wengi wana biashara ya pembeni: mwalimu anauza unga, muuguzi ana pikipiki ya kubeba watu. Je, ni wakati gani wa kufungua kampuni ya SARL?

Mimi naona kipimo si ukubwa wa mtaji, ni deni. Mama anayekaanga mandazi kambini kwa pesa yake mwenyewe hana haraka. Sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, inamruhusu mchuuzi mdogo kujitangaza tu, bila kuunda kampuni.

Lakini siku unapochukua mali kwa mkopo, kubeba mizigo ya wengine ama kuungana na mshirika, fikiri upya. Bila kampuni, mzigo ukiporwa njiani, anayekudai anaweza kufuata hadi nyumba yako. Katika SARL, ambayo hata mtu mmoja anaweza kuiunda, unapoteza kile ulichoweka tu. Ila ukiweka sahihi kudhamini deni la kampuni wewe mwenyewe, kinga hiyo haikusaidii tena kwa deni hilo.

Familia iliyokwisha kuacha kila kitu kwa sababu ya vita isipoteze tena kwa kukosa karatasi.