Tunaomba Watumiaji Hewa

Saa tano na nusu usiku, siku ya mwisho ya kutuma maombi. Mimi na mdogo wangu tuko saibani huku Likoni, shilingi moja kwa dakika, na kile kiduara kwenye skrini kinazunguka tu. Portali yenyewe siitaji. Alijaza fomu mara nne, mara ya tano ikamwandikia: mfumo umelemewa, jaribu tena baadaye. Baadaye ikafika saa sita, dirisha likafungwa. Nafasi ikaenda hivyo, wallahi.

Watu pale wakasema, "Ndiyo Kenya hiyo." Mimi hiyo lugha nimeikataa. Mfumo kulemewa si kudra. Kuna mtu alitakiwa kuupima na hakuupima, halafu siku ya mwisho tukaupima sisi, kwa pesa zetu.

Kwani unapimwa vipi? Kenya tunawajua wafanyakazi hewa: majina yako kwenye orodha ya mishahara, watu wenyewe hawapo. Basi kuna watumiaji hewa pia, na hawa ndio wazuri. Unaandika skripti inayofanya yale mtu hufanya: fungua ukurasa, weka nenosiri, jaza fomu, pakia cheti, tulia sekunde kadhaa kama mtu anayesoma, tuma. Kisha unaiambia kompyuta iwe watu 10 wanaofanya hivyo kwa pamoja. Halafu 100. Halafu 5,000. Programu za kazi hiyo zipo za bure, kama JMeter na k6. Nyingine inaitwa Locust, yaani nzige, na jina limeiva kabisa, maana watumiaji wake hushuka kwa kundi.

Kwanza unaweka mzigo unaoutarajia, uone kama mfumo unajibu haraka na bila makosa. Ukipita hapo, unaongeza makusudi mpaka uvunjike, ndio ujue unavunjikia wapi: ni seva, ni hifadhidata, au ni pale pa kulipia?

Tufanye hesabu kidogo. Watu 10,000 wako ndani, kila mmoja anatuma ombi moja kila sekunde 10. Hayo ni maombi 1,000 kwa sekunde. Kama seva inaweza kujibu 200, basi kila sekunde 800 yanabaki kwenye foleni. Baada ya dakika moja, 48,000 yanasubiri. Na wewe ukiona kimya unafanya nini? Unabonyeza tena. Foleni inarefuka, na hakuna aliyehudumiwa.

Wenye mifumo hupenda kutuambia wastani. Wastani hudanganya, bana. Ukitaka kuijua feri ya Likoni, usije kuipima saa nane mchana watu wamekaa kwa nafasi. Njoo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati kila mtu anavuka kwenda kazini kisiwani. Portali nayo ina saa yake ya asubuhi: siku ya mwisho.

Najua jibu litakalokuja: "Wakenya mnapenda dakika za mwisho." Sawa, wengine ni uzembe. Lakini kuna kijana wa Changamwe aliyetoka kibarua jioni ndio akapata ya bando. Kuna wa Kisauni ambaye cheti chake kilitoka juzi. Na hata tukiwa wazembe wote, hilo linajulikana. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru KRA, iko kwenye kalenda kila mwaka. Umati unaoujua tarehe yake huwezi kusema umekushtukiza.

Na sahii mlango ni mmoja. Tarehe 30 Juni 2023 serikali ilizindua huduma 5,000 mtandaoni kupitia eCitizen. Haikuisha hata mwezi, tarehe 27 Julai, mfumo ukashambuliwa kwa kumiminiwa maombi mengi kupita kiasi. Pasipoti, viza, leseni za udereva, hadi tiketi za treni ya kuja Mombasa zikasumbua. Lile lilikuwa shambulizi, na kujikinga na adui ni kazi nyingine tofauti. Lakini somo ni moja: ukishafunga madirisha yote ya ofisi ukabakisha mlango mmoja, lazima ujue unapitisha watu wangapi.

Si umaskini pia. Marekani walifungua tovuti ya bima ya afya, HealthCare.gov, tarehe 1 Oktoba 2013. Siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha walikuwa 6. Sita! Wakandarasi waliwaambia wabunge wa huko kwamba mfumo mzima ulijaribiwa kwa pamoja katika wiki mbili za mwisho tu. Pesa walikuwa nazo. Muda wa kupima ndio haukuwepo.

Kwa hivyo mimi nataka vitu viwili, na si vikubwa. Kwanza, kila portali ya umma ipimwe na watumiaji hewa kabla ya kufunguliwa na kabla ya kila siku ya mwisho, na matokeo yatangazwe: tumepima watu kadhaa kwa pamoja, asilimia 95 wamejibiwa ndani ya sekunde kadhaa. Pili, mfumo ukianguka siku ya mwisho, muda uongezwe wenyewe kwa saa zile zile ulizokuwa chini. Mtu asihitaji kulia X ndio aongezewe.

Na nyinyi wanangu mnaojifunza kodi, jifunzeni kazi hii. Laptopu yako na mtandao wa kawaida zinatosha kuanza. Ila pima mfumo wako, au wa mtu aliyekupa ruhusa. Ukimwagia portali ya watu nzige bila idhini, Kenya kuna sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, na jela haina wifi.

Mdogo wangu anaomba tena mwaka huu. Nimemwambia atume siku ya kwanza, na atatuma. Lakini jirani yetu anayesubiri cheti hatakuwa na siku ya kwanza. Yeye ndiye mwenye kustahili kupimiwa.