Dhoruba ya Pwani, Hasara ya Voi

Kila dhoruba inapopiga Pwani, serikali huhesabu maiti, mahema ya Msalaba Mwekundu na nyumba zilizosombwa, kisha hufunga daftari. Hesabu hiyo ni pungufu, na wanaolipia upungufu wake ni watu wa Voi na Taita Taveta nzima.

Oktoba 2023, Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba El Niño iliyotabiriwa haingekuja. Novemba ilikuja. Zaidi ya watu 100 walifariki nchini, na magari yakakwama kwenye barabara kuu ya Mombasa–Nairobi.

Trela ikikwama Maungu, karibu na Voi, haikwami peke yake. Mwenye mzigo wa Kampala au Juba hutozwa na kampuni ya meli kwa kila siku kontena linapochelewa kurudishwa, na gharama hiyo humwangukia mnunuzi. Mboga za Wundanyi na ndizi za Taveta nazo hazisubiri tingatinga. Zikiozea njiani, mkulima hapati kitu huku bei ikipanda katika soko la Kongowea, Mombasa. Hasara hii ni nadra kuiona katika ripoti za maafa, labda kwa sababu nyanya iliyooza haipigwi picha na waziri.

Mawingu yasisingiziwe. Barabara kuu, reli ya zamani na reli ya kisasa (SGR) iliyozinduliwa 2017 zimelazwa ubavu kwa ubavu, na zote huvuka mito ileile, Voi na Tsavo. Mvua moja inaweza kuzitia zote mashakani. Onyo tulilipata Januari 1993, mafuriko yalipodhoofisha daraja la reli hiyo ya zamani huko Ngai Ndethya na treni ya abiria ikatumbukia mtoni. Zaidi ya watu 100 waliangamia. Majirani zetu wa Tanzania walipata lao Mei 2024: baada ya Kimbunga Hidaya barabara ilikatika Somanga, na Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar es Salaam.

Sisi tuna njia ya pili. Daraja likivunjika Tsavo, malori yanaweza kukata kona Voi, yapitie Taveta, yaingie Tanzania kwa Holili hadi Arusha, kisha yarudi Kenya kupitia Namanga. Lakini hilo lahitaji forodha za Kenya na Tanzania zikubaliane mapema, kwa maandishi, si siku daraja limeshakwenda na maji.

Pesa si kisingizio. Julai 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ulipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita ya mafuta. Aliyelipa ana haki ya kuonyeshwa. Mamlaka ya Barabara Kuu (KeNHA) ichapishe hali ya kila daraja na kila kalvati kutoka Mariakani hadi Mtito Andei kabla ya mvua za vuli. Kaunti nayo ianze kuhesabu mazao yaliyoozea barabarani kama maafa, na kuyadaia fidia. KeNHA ikishindwa, Bunge liifute nyongeza ile ya Sh7.