Chandarua chake, jukumu lake

Mama mmoja wa Mchinga aliniambia kila usiku humkumbusha mwanawe wa miaka 14 kushusha chandarua. Mzazi, kijana anayekumbushwa kila siku hana haja ya kukumbuka.

Mengine mwachie. Asipofua sare, aivae chafu, aibu itamfundisha. Chandarua hapana. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na malaria huua.

Hapo mjengee mazoea kwa kuyaunganisha na jambo analolifanya tayari: akishapiga mswaki, ashushe chandarua na kuchomeka pindo chini ya godoro. Wiki ya kwanza fanyeni pamoja. Ya pili, chungulia kabla hujalala. Akisahau, usimfanyie. Muulize tu, "Umebakiza nini?" Ainuke mwenyewe.