Mwongozo Usioongoza

Niseme dai langu mapema, ili asiyetaka ugomvi afunge ukurasa sasa hivi. Sehemu kubwa ya miongozo ya programu huria ni maandishi mabovu, na ubovu wake ni wa uandishi kabla haujawa wa kiufundi. Ni ubovu uleule tunaoukemea hapa kila tunapopitia riwaya ambayo mwandishi wake hakuwahi kujiuliza anamwandikia nani. Tofauti ni moja tu: riwaya mbaya unaifunga, unaenda zako kulala. Mwongozo mbaya unakufungia wewe nje ya kazi yako.

Najua nitaulizwa: jamani, blogu ya fasihi na usakinishaji wa programu wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba sisi wapenda fasihi ndio wenye maboksi. Chini ya vitanda vya walimu wastaafu, kwenye makabati ya vyama vya waandishi, kwenye rafu za maktaba ambazo feni yake imekufa zamani, kuna vitabu vya Kiswahili vilivyoacha kuchapishwa. Kuna tamthilia zilizopigwa kwa taipureta, diwani zilizotoka mara moja zikapotea, nakala za Mambo Leo, gazeti lililoanza Tanganyika mwaka 1923. Mchwa hawasubiri bajeti. Unyevu wa pwani nao hausubiri mradi wa wafadhili.

Ukizipiga picha kurasa hizo umeokoa sura yake, lakini bado huwezi kutafuta neno ndani yake. Ili picha igeuke maandishi unahitaji programu inayosoma herufi. Katika zile huria, inayojulikana zaidi ni Tesseract. Ilitengenezwa kwenye kampuni ya Hewlett-Packard kati ya mwaka 1985 na 1994, ikafanywa huria mwaka 2005, na Google ikaja kuibeba kwa miaka kadhaa. Inasoma lugha zaidi ya mia moja, Kiswahili kikiwemo. Ni ya bure, haihitaji kompyuta ya kifahari, na kazi yake ni nzuri. Naisema hivyo makusudi, maana sina ugomvi na programu yenyewe. Kwa nadharia, mwalimu yeyote wa sekondari mwenye laptopu kuukuu anaweza kuokoa rafu nzima ya vitabu kwa likizo moja.

Sasa tumfuate huyo mwalimu hadi mlangoni.

Kama ameambiwa atumie lugha ya Python, atasakinisha kitu kinachoitwa pytesseract. Kompyuta itamwambia imefanikiwa. Atafurahi, ataandika amri yake ya kwanza, na ataambiwa kuwa tesseract haijasakinishwa, au haimo kwenye PATH. Ebo! Si nimeisakinisha sasa hivi? Kumbe alichosakinisha ni daraja tu. Programu yenyewe ni kitu kingine, inasakinishwa mahali pengine. Waliojua wanajua. Na hiyo PATH ni nini? Ni orodha ya folda ambazo kompyuta hupekua inapotafuta programu uliyoiita. Sentensi moja, nimeiandika hapa kwa pumzi moja. Lakini miongozo mingi inalitaja neno hilo kana kwamba mtoto huzaliwa nalo mdomoni.

Haya, amevuka. Sasa anahitaji faili la data za Kiswahili. Atakuta mikusanyo mitatu: tessdata, tessdata_best na tessdata_fast. Achukue upi? Maelezo ya tofauti zake yapo, lakini yanazungumza na mtu anayejua tayari injini ya zamani na injini mpya zinatofautianaje. Mwalimu anauliza swali dogo: nina kurasa mia tatu zilizofifia, nichukue lipi? Swali la msomaji halikuulizwa, basi jibu lake halikuandikwa.

Kisha kompyuta inamwambia haioni faili hilo, na inamtaka aweke thamani ya TESSDATA_PREFIX, yaani aitajie folda ya data iko wapi. Hapa ndipo pa kucheka kwa uchungu. Katika matoleo ya 3, ujumbe wa kosa ulikutaka utaje folda mama, ile inayobeba folda ya tessdata. Toleo la 4, lililotoka mwaka 2018, linakutaka utaje folda ya tessdata yenyewe. Jina la kitu ni lilelile, maana imebadilika. Ushauri wa zamani bado umezagaa mtandaoni, mwingi hausemi ni wa toleo gani, na kila mmoja unaapa kuwa ndio sahihi. Mwalimu anafanya kama alivyoelekezwa, anakataliwa, anaamini tatizo ni yeye.

La mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote. Tuseme kila kitu kimekaa sawa. Mwalimu anaiita programu isome ukurasa wake, bila kutaja lugha. Haitagoma wala haitauliza. Itausoma ukurasa wa Kiswahili kama Kiingereza, kwa sababu asiyetaja lugha huchukuliwa kuwa anasoma Kiingereza. Herufi nyingi itazipatia, alfabeti si ni ileile? Lakini pale chapa ilipofifia itakisia neno kwa mazoea ya Kiingereza, na itakukabidhi matokeo kwa uso mkavu. Na akijaribu kutaja lugha kwa herufi mbili, sw, kama inavyoandikwa kwenye mifumo mingine mingi, atakataliwa. Humu ni tatu, swa. Maelezo haya yamo kwenye mwongozo, ndiyo, katikati ya orodha ndefu ya vipengele vya amri, ambako hutayaona kama hujui unatafuta nini. Angalia ingekuwaje kama yangewekwa mwanzoni:

Usipotaja lugha, programu itausoma ukurasa wako kama Kiingereza. Kwa Kiswahili, ongeza -l swa.

Hayo tu. Mwandishi aliyemfikiria msomaji wake kwa dakika moja angeyaandika.

Ndiyo maana nasema hili ni suala la uandishi. Aliyeandika mwongozo yuko ndani ya nyumba, anamweleza njia mtu aliye nje gizani, na anaeleza kwa vitu vinavyoonekana ukiwa ndani: geuka kwenye kabati, pita meza, umefika. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayeijua programu kwa miaka kumi amesahau siku alipokuwa haijui, na hakuna aliyemfundisha kwamba kazi ya mwandishi ni kuikumbuka siku ile. Hapo ndipo lile neno “tu” linapojipenyeza. “Sakinisha tu vitegemezi.” “Jenga tu kutoka kwenye msimbo chanzo.” Kila “tu” ya namna hiyo inaficha mchana mzima wa mtu mwingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Asije mtu akaniambia kwamba mambo ya kompyuta hayawezi kuandikwa vizuri. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, ulitoka Novemba 1971. Ulikuwa mkavu, haukubembeleza mtu, lakini ulikuwa na desturi moja ya kiungwana: chini ya maelezo ya amri kulikuwa na sehemu ya kasoro zake. Aliyetengeneza anakwambia mwenyewe, hapa chombo changu kinachechemea. Donald Knuth, aliyetengeneza TeX ya kupangia chapa za vitabu, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1984 alichapisha makala akitaka programu iandikwe kama maandishi ya kusomwa na binadamu, mwandishi akichagua mpangilio wa kueleza kwa kumfikiria msomaji. Tena aliahidi kumlipa dola 2.56 yeyote atakayegundua kosa kwenye vitabu vyake. Hebu niambie, ni waandishi wangapi wa riwaya tunaowajua wanaomlipa msomaji akiwaonyesha kosa?

Kwa hiyo uwezo upo, na mfano upo. Kilichokosekana ni heshima. Katika jamii ya programu huria anayeandika msimbo ndiye bwana harusi. Anayeandika maelezo ni mbeba viti. Utafiti wa GitHub wa mwaka 2017 ulikuta asilimia 93 ya waliohojiwa wamekumbana na nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati, na papo hapo asilimia 60 ya wanaochangia miradi walisema huchangia nyaraka mara chache sana au hawachangii kabisa. Yaani karibu kila mtu anaona jalala, na wengi wao hawashiki fagio. Hata Richard Stallman, mwenye harakati zake za programu huru, aliandika zamani kwamba pengo kubwa la jamii hiyo ni ukosefu wa miongozo mizuri iliyo huru.

Utetezi naujua, nimeusikia mpaka nimeukariri.

Wa kwanza: wanajitolea, umepewa bure, unalalamika nini? Shukrani ninazo, na nimezitoa hapo juu. Lakini pilau ya harusi nayo ni ya bure, na mpishi akitia mchanga hatusemi “alhamdulillahi, hatukulipa.” Tena anayesema “ni ya bure” amesahau gharama inaangukia nani. Dakika kumi ambazo mwandishi mmoja hakuzitumia zinalipwa na maelfu ya watu, kila mmoja kwa usiku wake, kwa bando lake la intaneti. Mhandisi wa jiji kubwa anaweza kumgeukia mwenzake wa meza ya pili. Mwalimu wa Lindi hana meza ya pili.

Wa pili: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sawa, kuinama tutainama. Lakini kitanda kisihamishwe usiku bila kutuambia. Kati ya toleo la 3 na la 4, folda iliyotakiwa ni nyingine. Mtu anainama pale alipoelekezwa, anapapasa sakafu.

Wa tatu ni wa siku hizi: mwongozo wa nini, si uulize akili mnemba? Uliza, sikukatazi. Ila mashine hizo nazo zimejifunza kwa kusoma maandishi hayohayo, ya toleo la 3 na la 4 yakiwa yamechanganyika kama mchele na chuya. Zinaweza kukupa jibu la mwaka juzi kwa sauti ya leo. Maandishi mazuri yasipokuwepo mahali fulani, hakuna mashine ya kuyaokota.

Kinachouzwa kwetu kwa jina la “huria” ni ahadi kubwa: uhuru wa kuitumia programu kwa lengo lolote, kuichunguza, kuibadilisha, kuigawa. Mimi naiamini ahadi hiyo. Lakini uhuru wa kuingia nyumba ambayo mlango wake haujulikani uko upande gani ni uhuru wa wenye nyumba.

Na sisi je? Hapa nawageukia wasomaji wangu, maana ni rahisi mno kuwatupia wahandisi lawama zote. Mwaka 2004, kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Watu walikaa, wakabishana juu ya istilahi, wakatoka na maneno. Ule ubishi kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba kompyuta ulipaswa kuzikwa siku ile. Lakini menyu ni maneno mamoja mamoja. Mwongozo ni nathari: unahitaji mtu anayejua kupanga aya, anayejua lini kueleza na lini kunyamaza, anayemsikia msomaji akisita kabla hajasita. Watu hao wako wapi kama si hapa? Tunaandika insha za kurasa sita kuhusu usimulizi nafsi ya pili, na maandishi pekee duniani ambayo nafsi ya pili ni suala la kufaulu au kukwama tumewaachia watu wasiopenda kuandika.

Basi nataka mambo mawili, na nayataka kwenye blogu hii hii. La kwanza, tuipitie miongozo kama tunavyopitia vitabu: nani amelengwa, nani ameachwa nje, hatua gani imerukwa, sentensi gani inadanganya. Mwongozo mzuri usifiwe kwa jina, mbaya uchambuliwe kwa mifano, bila matusi. La pili, tuandike yetu. Juu kabisa, tarehe na namba ya toleo. Kila hatua iseme utaona nini kwenye kioo ikifanikiwa, na utaona nini ikishindikana. Kasoro zinazojulikana zitajwe wazi. Na kabla ya kuchapishwa, apewe mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo, mwandishi akae kando amenyamaza, amtazame anapokwama. Pale anapokwama ndipo pa kuandika upya.

Tuanze na huo wa kusoma vitabu vya zamani kwa Tesseract, kwa Kiswahili, kurasa tano au sita, usiotumia “tu” hata mara moja. Atakayeuandika auleta hapa. Nitauhariri kwa ukali uleule ninaohariri hadithi fupi, na kabla haujatoka nitamkabidhi mtu mwenye boksi la vitabu na laptopu kuukuu, nione atafika ukurasa wa ngapi kabla hajaniita.