Toba Isiyorudisha Mali ya Wizi

Upo ushuhuda ambao kila aingiaye katika makanisa yetu amekwisha kuusikia. Mtu mwenye cheo husimama mbele ya waumini, hufuta machozi na kusema, "Wapendwa, nimetoka mbali. Nilitenda mengi mabaya, lakini Bwana amenisamehe." Waumini hupiga vigelegele. Mchungaji humwekea mikono. Kisha mtu huyo hupanda gari lake na kurudi katika nyumba yake, na hakuna anayethubutu kuuliza: mabaya yapi? Aliyatenda kwa nani? Na nyumba hiyo ilijengwa kwa fedha ya nani?

Ninaandika haya nikiwa Mkristo, wala sikejeli machozi ya mtu. Hoja yangu ni moja: ungamo linaloiacha mali ya wizi mikononi mwa mwizi halijakamilika, na mahubiri yanayolibariki humwibia maskini mara ya pili.

Najua jibu nitakalopewa: neema ni bure. Ndiyo, ni bure, nami nasadiki hivyo. Lakini Mungu anaponisamehe kosa langu kwake, hajaifutia serikali ya kijiji fedha za dawa nilizozila. Torati ililitenganisha jambo hili waziwazi. Katika sura ya tano ya kitabu cha Hesabu, mkosaji anaagizwa aungame, arudishe alichochukua kikamilifu, na aongeze sehemu ya tano. Aliyechukua shilingi 1,000,000 arudishe 1,200,000. Tena anampa yule aliyemkosea. Kuhani alipokea malipo hayo pale tu ambapo aliyekosewa hakuwa na ndugu wa kuyapokea. Sisi tumeugeuza utaratibu huo: aliyeibiwa hapati kitu, na kanisa linapata sadaka ya shukrani.

Mwaka 2024, vijana wa Kenya walioandamana kuupinga Muswada wa Fedha walimwita Rais wao Zakayo, wakapaza sauti: "Zakayo shuka!" Kejeli yao ilihusu kodi, na wengi tulicheka. Lakini tusome simulizi lenyewe katika Luka 19. Yesu alimwita Zakayo kwa jina lake na kujialika nyumbani kwake kabla mtoza ushuru huyo hajaahidi chochote. Neema ilitangulia. Kilichofuata ni Zakayo kusimama na kutamka hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Hakununua wokovu kwa hesabu hiyo. Aliweza kuitamka kwa sababu alikuwa amekwisha kupokelewa.

Wala hili si geni katika ukanda wetu. Uamsho ulioshika moto Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa watu kuitaja dhambi kwa jina lake mbele ya wenzao na kurudisha walichoiba. Ulikuwa na kasoro zake; mahali pengine ungamo liligeuka kuwa shinikizo la kundi juu ya mtu mmoja. Hata hivyo wazee wale walielewa kwamba kutembea nuruni kuna gharama. Sisi tumerithi nyimbo zao na kuiacha gharama.

Sina haki ya kuandika haya bila kusema langu. Nilipokuwa mhadhiri kijana nilichukua masurufu ya siku kumi kwa safari ya utafiti. Nilikaa siku sita. Katika kurejesha masurufu niliandika siku kumi na kuambatanisha stakabadhi ya nyumba ya wageni niliyoijaza kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa miaka mingi nilisali, "Bwana, nisamehe dhambi zangu zote," na neno "zote" likanisitiri vizuri. Hatimaye nilimweleza mchungaji wangu. Akanishauri nisijisumbue, nitoe sadaka, yaishe.

Hayakuisha. Niliandika barua, nikaambatanisha fedha, nikaenda kwa mhasibu. Alifunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, wamekugundua?" Hakuweza kufikiri sababu nyingine. Ilichukua wiki mbili kupata kifungu cha kupokelea fedha zile. Nilipewa onyo la maandishi, na sikupandishwa cheo mwaka ule. Mke wangu ndiye aliyeumia zaidi, kwani tulikuwa tumeitegemea nyongeza ile. Lakini usiku wa siku niliyokabidhi barua nilisali bila kulizunguka jambo lolote, na nikajua kwamba nilikuwa nimesamehewa kabla sijashika kalamu. Ndiyo maana niliweza kuishika.

Watasema: je, kila dhambi itangazwe sokoni? Hapana. Upana wa ungamo ufuate upana wa dhuluma. Aliyemkosea mwenzi wake amweleze mwenzi wake, umati haumhusu. Aliyekula fedha ya umma ameukosea umma. Wala simtaki padri avunje siri ya maungamo. Namtaka amwambie mwenye kutubu yale ambayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha: kilichoibwa lazima kirudishwe.

Watasema pia: tukiungama tutafungwa. Pengine. Daudi alipokiri uovu wake kwa Uria, nabii Nathani alimtangazia msamaha na kumweleza matokeo machungu katika mazungumzo yale yale. Msamaha haukuondoa matokeo. Ulimwezesha mtu kuyabeba bila kumkimbia Mungu. Anayengoja uhakika wa kutoadhibiwa ndipo atubu, huyo anatafuta kinga ya mashtaka, na aiombe mahakamani, si madhabahuni.

Kwenu watumishi wa Mungu: mtu mwenye cheo atakapoomba kipaza sauti, mwulizeni kwanza faraghani kama amekwisha kurudisha. Kama bado, msimpe kipaza sauti. Msindikizeni kwa mhasibu. Na kwenu watumishi wa umma na wanafunzi wangu, mliosaini mahudhurio ya semina msizohudhuria na mlionunua tasnifu mlizowasilisha kwa majina yenu: wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ninyi mnajua ni fomu ipi, na iko katika jalada gani. Mlango ule niliuingia nikitetemeka. Mungu alikuwa upande wa ndani, akinisubiri.