Team Anime, Mmeondoka Msibani Mapema

Najua nimepotea, test zimebana na kuna sapu moja inaninyima usingizi, lakini leo nimeona bora nitoe la moyoni kabla sijarudi kwenye madesa. Ni Jumapili, nje upepo wa Dodoma unapiga ule wa kukuwekea vumbi mpaka kwenye kikombe cha chai, kwa hiyo hakuna pa kwenda. Kaeni tuongee.

Juzi usiku chumbani kwetu ulizuka ubishi mkubwa. Si Simba na Yanga kama kawaida, ni Berserk. Chumba cha watu wanne, tulikuwa kama kumi na moja, wengine wamesimama mlangoni na ndoo zao. Swali lilikuwa moja tu: mtu anayetaka kuijua Berserk, asome manga au aangalie anime? Mheshimiwa mmoja wa Informatics, ambaye anaheshimika hapa blokuni kwa sababu fleshi yake ina kila kitu, akatoa hukumu: "Kusoma ni kujitesa bure. Anime ya 1997 ina episodi 25, wikiendi moja umemaliza, stori unaijua, unaendelea na maisha yako." Watu wakapiga makofi. Mimi nikabisha, nikazomewa. Sasa hapa hakuna wa kunizomea, nasema yote. Na tahadhari mapema: nitafichua stori, asiyetaka aishie hapa.

Kwanza nitende haki. Anime ya 1997 ni kazi nzuri, sibishi. Ilianza kuonyeshwa Japani Oktoba 1997 ikaisha Machi 1998, na muziki wa Susumu Hirasawa mle ndani ukiusikia usiku na hedifoni unaweza kukaa kimya dakika tano nzima bila kujua unawaza nini. Urafiki wa Guts na Griffith umejengwa taratibu, hawakukimbizwa. Na faida nyingine ya anime ni kwamba watu wanane mnaweza kubanana kwenye laptop moja mkacheka na kushtuka pamoja. Kusoma ni mtu na simu yake, kajifunika shuka. Hilo nawapa, mchukue.

Lakini ile hoja ya "stori unaijua" ndiyo uongo wenyewe. Stori HUIJUI.

Angalieni inavyoisha. Griffith anawatoa wenzake sadaka siku ya Kupatwa kwa Jua. Karibu wapiganaji wote wa kikosi chake wanaliwa na majini, watu uliokaa nao episodi zaidi ya ishirini ukajua hadi utani wao. Guts anapoteza mkono wa kushoto na jicho la kulia, na Casca anafanyiwa unyama ambao sitauelezea hapa. Halafu basi, imeisha! Hujui hata nani aliwatoa mle ndani, maana kwenye anime ile Skull Knight, yule mpanda farasi mwenye kichwa cha fuvu, wamemwondoa kabisa. Kwenye manga yeye ndiye anayevunja na kuingia, akawabeba Guts na Casca. Kwa hiyo mtu wa anime anabaki na Guts wa episodi ya kwanza, mwenye mkono wa chuma na uso wa mauti, na anaamini kwamba hayo ndiyo majumuisho: ukiamini watu watakuuza, ukipenda utapokonywa, mwisho ni giza.

Huku kwetu mtu akifiwa tunafanyaje? Tunazika, tunakaa matanga, watu wanalala kwenye mikeka, wanapika, wanaosha vyombo vya mfiwa, baadaye tanga linaanuliwa, halafu inakuja arobaini. Mtu anayetoka makaburini akapanda daladala moja kwa moja kwenda kwake anaambiwa alihudhuria mazishi, msiba wenyewe hakuuona. Sasa ndugu zangu wa Team Anime, ninyi mmetoka makaburini mkapanda daladala. Mnatuhadithia kaburi, mnadhani mmetuhadithia msiba.

Maana Kupatwa kunaishia kwenye juzuu la 13. Kentaro Miura alianza kuichora Berserk mwaka 1989 na alipofariki Mei 2021, akiwa na miaka 54, alikuwa amefika sura ya 364, na juzuu la 41 likatoka mwaka huo huo. Hesabu mwenyewe. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi hakuitumia kuchora msiba unavyotokea. Aliitumia kuchora watu wanavyoishi baada ya msiba.

Na anachora nini humo? Casca amepoteza akili, hamtambui hata Guts. Guts badala ya kukaa naye anakimbia, miaka miwili anazunguka kuua majini na kuita hiyo kazi kisasi. Akirudi, mzee Godo, mhunzi aliyewapa hifadhi, anamsema kweli kweli: kwamba kisasi chake kilikuwa njia ya kuukimbia uchungu, na kwamba alimwacha peke yake mtu pekee aliyebakiwa naye. Nilisoma kurasa zile nikafunga simu. Kila ukoo una mtu wa hivyo, aliyefiwa akahamia mji mwingine "kutafuta maisha" na hajarudi nyumbani mpaka leo.

Baada ya hapo ndipo Guts anaanza kupata watu tena, kidogo kidogo, tena bila kutaka. Kuna Isidro, mtoto mwizi mdomo mrefu. Kuna Schierke, mchawi mdogo. Kuna Farnese, dada wa watu aliyekuwa anamwinda Guts kama mhalifu, na ndiye huyo huyo anayekuja kumlisha na kumwangalia Casca kila siku. Halafu juzuu la 40, mwaka 2018, Casca anarudiwa na akili. Na Miura hakutudanganya hapo! Casca anapona, anacheka, anakumbuka watu, lakini akimwona Guts usoni yale yote yanamrudia, anapiga kelele, hawezi hata kumtazama. Amepona, na bado hajapona. Niambie ni filamu gani ya Kibongo au ya Kizungu imekuambia ukweli huo bila kuupaka sukari.

Mnasema kuna nyingine zilizofuata. Zipo. Filamu tatu za 2012 na 2013 zimemrudisha Skull Knight, lakini nazo zinaishia karibu pale pale. Ile ya 2016 na 2017 inaendelea mbele, ila wamechora kwa kompyuta mpaka watu wanatembea kama wana miiba miguuni, wameruka vipande, na imekatika kabla hata Casca hajapona. Kwa hiyo hakuna anime mpaka leo inayomfikisha mtu kwenye juzuu la 40. HAKUNA. Ukitaka kumwona Casca akifungua macho, utasoma.

Kwa nini nashupaa hivi kwa vibonzo vya Wajapani? Nitawaambia, ila sitaji jina.

Kuna mshkaji wangu, mtu wa Mpwapwa, tulikuwa chumba kimoja mwaka wa pili. Muhula ule alifiwa na kaka yake, yule aliyekuwa anamsomesha. Akaenda kuzika, akarudi baada ya siku nne kwa sababu ya test. Hakulia mbele yetu. Alikuwa analala mchana, usiku anaangalia vitu kwenye laptop. Mtu akampa Berserk ya 1997 (sawa, mtu huyo nilikuwa mimi, nilitaka apoteze mawazo). Akaimaliza siku mbili. Asubuhi ya tatu nikamuuliza vipi, akanijibu kwa utulivu kabisa: "Ndivyo ilivyo mzee. Inaisha hivyo." Akageukia ukutani. Wiki ile hakuingia darasani hata mara moja.

Mimi wakati ule na mimi nilikuwa Team Anime, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempa mtu aliyefiwa nusu ya hadithi, nusu mbaya. Nikaanza kutafuta manga kwa aibu tu. Na sitawadanganya kwamba alisoma akapona, maisha si dawa ya kikohozi. Kilichomsaidia zaidi ni mama yake aliyekuja mwenyewe kutoka Mpwapwa na kapu la chakula akakaa naye siku nzima pale kwenye viti vya nje. Lakini usiku mmoja, taa zimezimwa, nikamsikia anauliza: "Hivi yule dada alipona?" Nikamwambia sijui, nimefika juzuu la 22. Akasema, "Basi soma haraka." Tukawa tunasoma wote wawili, simu moja, mimi nafunua kurasa na yeye ananiambia subiri, bado.

Hilo neno "subiri, bado" ndilo hoja yangu kubwa kuliko zote. Anime haikusubiri. Inakwenda kwa mwendo wake, ya kutisha yanapita mbele yako kwa spidi aliyoipanga mtu mwingine. Kurasa zinakusubiri. Pale pagumu, na Berserk ina pagumu pengi, kuna ukatili wa kingono na watoto wanaumizwa, unaweza kufunika, ukapumua, ukaruka, ukarudi kesho. Asiyeweza kabisa aache, hakuna mtihani. Na pale penye uzuri unaweza kukaa robo saa kwenye picha moja, unatazama kila jani la mti na kila pete ya deraya.

Kuna wanaosema picha ni za watoto, msomi wa chuo kikuu asome vitabu. Waende Kolo, Kondoa, hapa hapa mkoani kwetu, barabara ya kwenda Babati. Michoro ya miambani pale iliingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu wa kale walikaa chini ya mwamba wakachora watu na wanyama, na mpaka leo wenyeji wengine wanaenda pale kufanya matambiko. Hadithi kwa picha zisizotembea tunayo uani kwetu, na hakuna anayeiita ya watoto.

Hoja ya mwisho ya mheshimiwa wa fleshi ilikuwa hii: "Mwandishi mwenyewe kafa, unasoma kitu kisicho na mwisho." Hapa nilitamani mngekuwepo. Miura alikuwa na rafiki yake tangu sekondari, Kouji Mori, naye mchoraji. Karibu miaka thelathini nyuma Miura alikaa naye akamsimulia hadithi yote mpaka mwisho, kwa mdomo. Alipofariki, Mori na vijana wa Studio Gaga, waliokuwa wasaidizi wa Miura, wakaanza kuiendeleza kuanzia Juni 2022, na Mori akaahidi ataandika yale tu aliyosimuliwa. Jamani, hiyo si ndiyo kazi ya bibi zetu? Mwenye hadithi ameondoka, hadithi imebaki kwa aliyesikiliza vizuri. Sisi watoto wa hadithi za jioni ndio wa mwisho kusema haina maana.

Sasa msiseme nabomoa tu, natoa na pendekezo. Kweli kusoma peke yako chini ya shuka ni upweke, na kweli Kiingereza cha manga kinawachosha wengine. Mnamkumbuka Lufufu, au mmewasikia wakubwa wakimtaja? Alichukua filamu za nje akazisimulia kwa Kiswahili juu ya kanda, na mabanda umiza yakajaa. Tufanye hivyo hivyo. Jumamosi usiku, laptop moja, kurasa moja moja, mtu mmoja asome kwa sauti kwa Kiswahili, na yeyote akisema "subiri, bado" tunasubiri. Anayetaka kuanza na anime ya 1997 aanze, ruksa, ila akimaliza aanze manga juzuu la KWANZA, asirukie la 14, maana mengi yaliondolewa njiani.

Na ombi langu moja kwenu: ukimpa mtu ile anime, hasa mtu aliye na lake moyoni, usimwachie pale. Mpe na zilizobaki, au kaa naye. Mshkaji wangu wa Mpwapwa yuko mwaka wa tatu sasa, ana karyova moja kama mimi, na jana kanitumia meseji usiku wa manane: amefika juzuu la 40. Hakuandika kingine chochote, na mimi sikumuuliza.

Haya, nawasilisha. Ngoja niwahi wali kabla foleni haijafika mlangoni, halafu nirudi kwenye sapu yangu. Team Anime, chumba mnakijua, njooni mbishe. Mje na viti vyenu.